Sentensi ya Miezi Kumi na Miwili

Tarehe 12 Julai 2002 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha, kwa kura zote 15, azimio namba 1422. Kiini chake ni sentensi moja ndefu, ya aina ile inayomfanya msomaji aruke mistari. Kwa maneno yangu, inasema hivi: Baraza linaomba, kwa kufuata Ibara ya 16 ya Mkataba wa Roma, kwamba ikitokea kesi inayomhusu ofisa au askari, aliyeko kazini au aliyekwisha kuondoka, wa nchi isiyo mwanachama wa mkataba huo lakini iliyochangia watu katika operesheni iliyoundwa au kuidhinishwa na Umoja wa Mataifa, kwa jambo alilotenda au aliloacha kutenda, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai isianze wala isiendelee na uchunguzi au mashtaka kwa miezi 12 kuanzia Julai mosi, isipokuwa Baraza liamue vinginevyo.

Siipendi sentensi hiyo kwa inachokilinda. Ilitungwa ili askari wa nchi moja kubwa asifike mbele ya mahakama hiyo kule The Hague. Lakini kila ninapoirudia naiona kazi ya mikono ya watu waliokaa siku nyingi bila usingizi wa kutosha, wakipima kila kiungo, na nashindwa kuidharau. Kuna atakayeniuliza nasifia nini hapo. Nasifia kwamba watu waliokuwa hawakubaliani hata kidogo waliandika kitu ambacho wote walikipigia kura, na kila upande ukaondoka na kitu mfukoni.

Tuanze na walichokuwa wakigombania. Mkataba wa Roma, unaoiunda Mahakama hiyo, ulihitaji nchi 60 ziuridhie. Idadi hiyo ilivukwa tarehe 11 Aprili 2002, pale nchi kumi zilipowasilisha hati zao kwa pamoja, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Bosnia na Herzegovina zikiwamo. Mkataba ukaanza kutumika Julai mosi. Marekani ilikuwa imeusaini siku ya mwisho ya mwaka 2000, wakati wa Clinton, lakini tarehe 6 Mei 2002 serikali ya Bush, kwa barua iliyosainiwa na John Bolton, ilimwarifu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, kwamba haina nia ya kujiunga. Hofu yao ilikuwa na msingi wa kisheria: mahakama hii inaweza kumshtaki raia wa nchi isiyo mwanachama iwapo kosa limetendwa katika ardhi ya nchi mwanachama. Askari wa Marekani wako kila pembe ya dunia, na pembe nyingi za dunia zilikuwa zikiridhia.

Bahati mbaya, au pengine bahati nzuri kwa waliotaka kuibana Mahakama, muda wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Bosnia ulikuwa unaisha tarehe 30 Juni, mkesha wa siku mkataba unaanza kufanya kazi. Ulikuwa ujumbe wa polisi, wapatao 1,500, na Wamarekani humo walikuwa wachache tu. Rasimu ya kuuongezea muda ikaletwa. Nchi 13 zikasema ndiyo, Bulgaria ikajizuia, Marekani ikapiga kura ya turufu. Kuanzia hapo Bosnia ikawa inaishi kwa nyongeza za siku chache: kwanza hadi tarehe 3 Julai, kisha hadi 15.

Jambo moja lilinichekesha nilipolielewa. Mahakama ya Yugoslavia ya zamani, nayo ilikuwa The Hague, tangu 1993 ilikuwa na mamlaka juu ya kila mtu aliyetenda makosa makubwa ya vita nchini Bosnia, Mmarekani akiwamo, na Marekani ilikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kwa hiyo katika nchi ileile iliyofanywa uwanja wa ugomvi, askari wa Marekani walikuwa wamekaa miaka chini ya mahakama ya kimataifa bila kelele yoyote. Tofauti ni kwamba ile ya zamani iliundwa na Baraza, na ndani ya Baraza Marekani ina turufu.

Mwezi Julai zamu ya urais wa Baraza ilimwangukia Mwingereza, Jeremy Greenstock. Nafasi yake ilikuwa ngumu kuliko za wengi. Nchi yake ilikuwa imeridhia mkataba na kuutetea, na pia ndiyo rafiki wa karibu kuliko wote wa Marekani, ambayo balozi wake, John Negroponte, alikaa ng'ambo ya meza. Nje ya chumba, balozi Paul Heinbecker wa Canada alishinikiza mpaka kikaitishwa kikao cha wazi tarehe 10 Julai, ambako makumi ya nchi zilisimama moja baada ya nyingine kulipinga pendekezo la Marekani la kuwapa watu wake kinga. Annan naye alikuwa amemwandikia Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, wiki moja kabla, akieleza kwamba walichokitaka Wamarekani kinakwenda kinyume na sheria ya mikataba. Siku mbili baada ya kikao kile cha wazi, karatasi ilikuwa tayari.

Anza na kitenzi chake cha kwanza. Baraza "linaomba". Chombo chenye uwezo wa kupeleka majeshi vitani hapa kinaomba! Ni kwa sababu Mahakama ya Jinai haikuundwa na Umoja wa Mataifa. Ni mali ya nchi zilizoridhia mkataba wake, na Ibara ya 16 yenyewe inalipa Baraza nafasi ya kuiomba isimame, basi. Kuandika "linaamua" kungekuwa kuiamuru mahakama ya watu wengine, na Waingereza na Wafaransa wasingeweza kurudi nyumbani na neno hilo. Sasa shuka mpaka aya ya 3. Huko kitenzi kimegeuka: Baraza "linaamua" kwamba nchi wanachama zisichukue hatua isiyopatana na ombi la aya ya 1. Mahakama inaombwa, nchi zinaamriwa. Na hapo hapo, mwishoni mwa aya hiyohiyo, kuna kijalizo kidogo: wala isiyopatana na wajibu wao wa kimataifa. Wajibu upi? Mmarekani anaposoma anaona wajibu wa kutii azimio. Mjerumani anaposoma anaona wajibu wake kwa Mkataba wa Roma. Maneno machache yamemruhusu kila mmoja atoke na tafsiri yake bila kumlazimisha mwenzake aikiri.

Tazama pia nani anakingwa. Sentensi inataja nchi "isiyo mwanachama" tu. Mwingereza, Mfaransa au Msenegali aliyevaa kofia ya buluu hakupata kitu. Alibaki chini ya Mahakama kama kawaida. Hiyo ndiyo bei waliyoitoza nchi zilizoridhia. Upande wa pili nao ulipata vya kwake. "Aliyekwisha kuondoka" kunamfuata mtu mpaka kwenye kustaafu kwake, na "aliloacha kutenda" kunamkinga kamanda aliyejua vijana wake wanafanya nini akanyamaza. Aliyeyaingiza maneno hayo mawili alijua vizuri wakubwa hushtakiwa kwa njia gani.

Penye udhaifu ni hapa: "ikitokea kesi". Ibara ya 16 iliandikwa kwa ajili ya jambo lililopo, tuseme mazungumzo ya amani yanaendelea na kukamatwa kwa mtu kutayavunja. Hapa hapakuwa na kesi, mtuhumiwa wala faili. Baraza lilikuwa linaomba mapema, kwa ajili ya watu wasiojulikana na makosa ambayo hayajatendwa. Tena lilidai kutenda chini ya Sura ya VII ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambayo huhitaji kwanza itajwe hatari kwa amani. Utangulizi wa azimio haukuitaja hatari yoyote. Ulisema tu kwamba operesheni hizi hupelekwa kulinda au kurejesha amani, kisha ukasonga mbele haraka. Wanasheria waliliona pengo hilo siku ileile na wameliandikia kurasa nyingi. Wana haki. Nami nasema aliyeandika aliliona kabla yao, akaamua kupita pembeni yake kwa sababu njia nyingine haikuwapo.

Ili kuelewa kwa nini ombi lilikuwa la miezi 12 na si la milele, inabidi kurudi nyuma, maana kazi bora kuliko zote katika habari hii haikufanywa mwaka 2002 wala na nchi kubwa. Rasimu ya kwanza ya mahakama, iliyotolewa mwaka 1994 na Tume ya Sheria ya Kimataifa, ilisema mashtaka hayawezi kuanza kuhusu hali ambayo Baraza la Usalama linaishughulikia kama tishio kwa amani, isipokuwa Baraza liruhusu. Maana yake, mwenye turufu yeyote kati ya wajumbe watano wa kudumu angeweza kuifungia Mahakama mlango kwa kukataa tu kutoa ruhusa. Mwaka 1997, katika vikao vya maandalizi, Singapore ilikuja na pendekezo la kuugeuza mpango huo juu chini. Mahakama iendelee na kazi yake, na Baraza likitaka isimame ndilo lipitishe azimio. Uingereza ikaunga mkono mwishoni mwa mwaka huo. Julai 1998 kule Roma, mkataba ulipopita kwa kura 120 dhidi ya 7, pendekezo hilo lilikuwa limekuwa Ibara ya 16.

Hakuna aliyenyang'anywa turufu. Ilibaki mikononi mwa walewale, ila sasa ilikuwa inaitumikia Mahakama: mmoja tu kati ya watano akikataa, kesi inaendelea. Na hata turufu isipotumika, anayetaka kusimamisha ni lazima apate kura tisa. Kenya iliujua ugumu huo kwa gharama yake. Tarehe 15 Novemba 2013 rasimu ya kuahirisha kesi za Rais Uhuru Kenyatta na Naibu wake William Ruto iliungwa mkono na nchi saba, China na Urusi zikiwamo. Nane zilijizuia. Hapakuwa na hata moja iliyopinga, na bado rasimu ilianguka. Ujumbe wa Afrika ulitembea sana mwaka ule, na kwa jinsi Ibara ya 16 ilivyoandikwa, waliowashinda hawakuhitaji kufanya chochote.

Hapo ndipo unapoona mazungumzo haya yote yalihusu nini. Siku zote suala lilikuwa moja: nani atalazimika kuinuka kitini na kwenda kutafuta kura?

Marekani ilianza kwa kutaka kinga isiyo na mwisho. Ilichopata kwenye aya ya 2 ya azimio 1422 ni kwamba Baraza "linaeleza nia" ya kulifanya upya ombi hilo kila Julai mosi, kwa miezi 12 mingine, kadiri itakavyohitajika. Nia tu. Kama fundi cherehani anayeacha pindo kubwa kwenye sare ya mtoto, walioandika waliacha nafasi ya kurudi kwenye nguo baadaye bila kuahidi itarudi kwa ukubwa gani. Kama wangeandika kwamba ombi linajirudia lenyewe mpaka Baraza liseme basi, mwenye kutaka kulikomesha angehitaji kura tisa na kukosekana kwa turufu, na turufu ya Marekani ingelilinda daima. Kwa neno "nia", mzigo ukabaki kwa Marekani, kila mwaka, kila Juni.

Mwaka uliofuata mzigo ulibebeka, lakini kwa kuhema. Azimio 1487 lilipita tarehe 12 Juni 2003 kwa kura 12. Ufaransa, Ujerumani na Syria zikajizuia, na Annan akasema wazi kwamba anatumaini jambo hili halitakuwa desturi ya kila mwaka. Mwaka 2004 picha za askari wa Marekani wakiwatesa wafungwa wa gereza la Abu Ghraib zilikuwa zimekwisha zunguka dunia nzima. Annan safari hii aliwasihi wajumbe wasikubali. Marekani ilihesabu kura, ikaona hazitoshi, na tarehe 23 Juni ikaiondoa rasimu yake yenyewe mezani. Julai mosi ikafika na kinga ikaisha kimya kimya, bila mtu kulazimika kupiga kura ya kuifuta. Sijui kama Greenstock na wenzake walilipanga hilo au lilitokea tu. Karatasi yao, kwa vyovyote, iliruhusu litokee.

Watu wa Washington walijifunza kutokana na hayo, na hapa sifa inabidi zihamie upande mwingine wa meza. Tayari Agosti 2003, katika azimio 1497 kuhusu Liberia, walikuwa wamejaribu maneno mapya: askari wa nchi isiyo mwanachama atakuwa chini ya mamlaka ya kipekee ya nchi yake kwa chochote kitakachohusu operesheni ile. Hapakuwa na Ibara ya 16, na kalenda haikutajwa popote. Ufaransa, Ujerumani na Mexico zilijizuia, lakini mfano ulikuwa umepatikana, ukawekwa kabatini ukisubiri siku kubwa zaidi.

Siku hiyo ilikuja kwa sababu ya mauaji ya Darfur, nchini Sudan. Januari 2005 tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Antonio Cassese ilipendekeza suala hilo lipelekwe The Hague. Marekani, iliyokuwa imekwisha kuyaita mauaji yale ya kimbari, haikutaka kuipa uhai mahakama ambayo yenyewe iliipinga. Ikapendekeza mahakama mpya ya Sudan, ishirikiane na Umoja wa Afrika na itumie majengo ya ile ya Rwanda kule Arusha. Kwa wiki kadhaa Arusha ilikuwa jibu la wanadiplomasia waliotaka haki ipatikane popote isipokuwa mahali palipokuwa tayari. Wazo hilo halikupata wafuasi. Kilichobaki ni kutafuta bei ya Marekani kutoinua mkono kupinga.

Bei hiyo ni aya ya 6 ya azimio 1593, lililopitishwa usiku wa tarehe 31 Machi 2005 kwa kura 11, nchi nne zikijizuia. Tanzania ilikuwa mjumbe wa Baraza mwaka ule, Augustine Mahiga akiwa balozi wetu New York, na ilipiga kura ya ndiyo pamoja na Benin. Algeria ilijizuia, China na Marekani vilevile, na Brazil nayo, ambayo ilieleza kwamba tatizo lake lilikuwa ni aya hiyo ya 6 hasa. Soma aya yenyewe: raia, maofisa na askari, wa sasa na wa zamani, wa nchi yoyote nje ya Sudan inayochangia watu na isiyo mwanachama wa mkataba, watakuwa chini ya mamlaka ya kipekee ya nchi yao kwa matendo yanayohusu operesheni nchini Sudan zilizoidhinishwa na Baraza au na Umoja wa Afrika, isipokuwa nchi hiyo iseme waziwazi kwamba imeyaachia mamlaka hayo. Kitenzi ni "linaamua", na mwezi wa kwisha hautajwi. Anayetaka kuiondoa ndiye atakayetafuta kura tisa, kisha awakabili wenye turufu.

Kwa ufundi mtupu, hii ni bora kuliko ile ya 2002, na nimechukua muda kulikubali hilo kwa sababu moyo wangu uko na ile ya kwanza. Waandishi wake walikuwa na akili nyingine ya ziada. Hawakubuni neno geni. "Mamlaka ya kipekee" yalikuwa yamekaa tangu 1990 kwenye mfano wa makubaliano ambayo Umoja wa Mataifa husaini na nchi zinazopokea walinda amani, na kila jeshi linalochangia askari limeyazoea. Ndiyo maana mwaka 2016, madai ya unyanyasaji wa kingono yalipotolewa dhidi ya baadhi ya askari wa Tanzania mashariki mwa Kongo, kazi ya kuwachunguza na kuwashtaki ilirudi Tanzania na si mahakama za Kongo. Sisi pia tunalipenda neno hilo linapowahusu vijana wetu. Tofauti iko kwenye upana. Mfano wa 1990 unawazuia majaji wa nchi mwenyeji. Aya ya 6 inamzuia kila mtu, The Hague ikiwamo. Neno lililozoeleka lilipanuliwa bila kubadilishwa sura, na hilo ndilo lililolifanya limezeke.

Njia ya tatu naipitia haraka kwa sababu haina utamu. Ni ile mikataba ya nchi mbili mbili kwa kisingizio cha Ibara ya 98 ya Mkataba wa Roma, zaidi ya mia moja, ambayo Marekani iliitafuta kuanzia 2002 kwa kutishia kukata misaada ya kijeshi. Romania ilikuwa ya kwanza kusaini. Rwanda, Kongo, Uganda na Burundi zilisaini mwaka 2003. Kenya na Tanzania hazikusaini. Humo hakuna mashauriano ya kustaajabia, ni karatasi iliyokwisha kuchapwa na kalamu iliyotolewa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mfuko. Kinachovutia ni Uganda tu: ilisaini Juni, na kabla mwaka haujaisha ikawa nchi ya kwanza duniani kuipelekea Mahakama hiyohiyo kesi yake, ya kiongozi wa waasi Joseph Kony na watu wake.

Aya ya 6 ilirudi tarehe 26 Februari 2011, karibu neno kwa neno, katika azimio 1970 kuhusu Libya. Safari hii ilipita kwa kura 15, na Marekani yenyewe ilisema ndiyo. Mwezi uliofuata ndege zilianza kuruka juu ya Libya, nyingine zikitoka Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi mbili ambazo si wanachama wa mkataba, kwa hiyo marubani wao walikuwa ndani ya kinga ambayo serikali zao hazikuhangaika kuiombea. Darfur ilikuwa vivyo hivyo. Wamarekani ambao aya iliandikwa kwa ajili yao karibu hawakuonekana huko. Waliokwenda kwa maelfu, mpaka ujumbe wa kulinda amani ulipofungwa mwisho wa 2020, walikuwa Warwanda, Waethiopia na Wamisri, wa nchi tatu ambazo hazijaridhia, na hakuna hata moja kati yazo iliyokuwa na kiti cha Baraza usiku ule wa Machi 2005.